Mapua ya Mukwe Mwenzangu

Mi sina wivu. Bantu ba Kampemba banasemaka asema niko nayo mingi, lakini mi sina. Niko tu na macho, na macho yangu inaonaka kintu ya mwenzangu mbele ya kuona yangu.

Nauzishaka kapenta, bile bisamaki bidogo ya kukauka, mbele ya nyumba, pa mesa kidogo, na kopo moya ya kupimia. Mi sikusoma. Hata kalasi ya kwanza sikuingia. Baba alisema masomo ni ya batoto banaume, njo nilibakia ku shamba na kusikiliza vile bantu banasemaka. Kusikiliza njo ilikuwa masomo yangu. Muntu akipita mbele yangu mara mbili, mara ya tatu sauti yake iko mu kinywa yangu. Ukikuya kununua kapenta, utalipa kopo moya, na juu yake nitakupa muntu moya bure. Napanguza kinywa na ncha ya kitenge, naangalia kushoto, naangalia kuume, na huyu hapa mutu wa duane wa Kasumbalesa, mwenye kufunguaka mifuko ya bantu pa mupaka:

"Mama. Hii mufuko iko na nini? Unga? Unga ya nani? Fungua. Fungua tena. Mama, mi siombi kintu, lakini jua iko kali na kichwa inaniuma. Unanisikia? Kichwa. Inaniuma."

Ile njia ya mupaka niliifanya myaka mingi, kufwata unga, njo bote ba kule niko nabo. Niko na ule wa kubadirisha makuta mwenye kusema na noti mu meno. Niko na pasta wa hapa kwetu, sauti yake inaanzaka chini inapanda kama iko ku ngazi, na kisha inakosa namna ya kushuka. Na wakati bantu banacheka, kidole yangu ya gumba inaingia kidogo ndani ya kopo. Si wizi. Ni namna yangu ya kukamata kopo.

Muntu moya tu alinishinda. Mukwe mwenzangu.

Mutoto yangu mwanamuke aliolewa na kijana wa kutoka Kivu ya Kaskazini, na mama ya ule kijana njo mukwe mwenzangu. Alifika huku zamani na mifuko ya maharagi. Leo iko na depo ya sabuni na mafuta, na malori mbili yenye kwenda mupaka na kurudi. Mwanamuke murefu, kitenge yake haina hata kunjo moya. Anasalia ku Baanglikani tangu kuzaliwa, kule kwabo ku milima. Anasema polepole, kila neno inatoka ni kama balisha kuipiga pasi.

"Bwana asifiiiwe, mukwe mwenzangu. Mulilala je? Na kapenta, inatembea?"

Ni vile tu. Hakohoe, hagugumie, hakasirike, hachanganye maneno. Nilimutafuta myaka, sikupata pa kumushikia. Bantu banafika pa mesa, bote bananiita kambo, ni kusema nyanya: "Kambo, tufanyie mama wa depo!" Namufanya, hakuna mwenye kucheka. Ni laini kama sabuni yake. Njo siku moya nikamuongezea mapua. Nilisema "Bwana asifiiiwe," na mbele ya kumaliza nikavuta mapua, fyuu, kama muntu mwenye kusikia harufu ya samaki ya maskini. Weee! Bantu balianguka. Tangu ile siku mama wa depo anavutaka mapua pa mesa yangu, na ye mwenyewe alikuwa hayue. Atayua namna gani? Kwetu mukwe hatumuchekake. Unamusalimia na mikono mbili, unakunja magoti kidogo, jina yake hauiite. Mi namuheshimu sana. Nilikuwa namuiga paka kama hayuko.

Batoto betu balizaa mutoto mwanamuke, iko na myaka kumi na mbili. Mi ananiita kambo, ule mwingine anamuita bibi. Na mi namuita mbanda yangu, mukewenza, juu kwetu kambo na mujukuu mwanamuke ni babibi ba muzee moya, banagombana juu ya bwana hata kama ule bwana alisha kufa na tulimuzika.

"Mbanda, uliamuka? Bwana yetu alikupikia nini?"

"Alinipikia kuku," ye anajibu, angali wa myaka ine. "We alikuachia mifupa."

Vile njo tuliishi. Alikomalia pa mesa yangu. Aliyua kufanya mutu wa duane mbele ya kuyua kufunga kamba ya biatu.

Kisha masomo ikanikamatia mutoto.

Ni bibi yake njo alisema aende ku masomo ya Baanglikani. Mi sikubisha, nani atabishana na mukwe? Na masomo yenyewe ni muzuri, siwezi kusema uongo. Lupango kubwa, kiwanja na ukuta yake, kengele, batoto na shati yeupe, asubuhi banasimama bote banasali mbele ya kuingia kalasi. Lakini ile masomo haishibake batoto. Zamani mbanda yangu alikuwa anarudi wakati ya chakula, anatupa mufuko, anakaa na miye. Sasa nangojea, nangojea, anafika jua ilisha kugeuka.

"Mbanda, ulikuwa wapi?"

"Kambo, tulikuwa na aktivite."

Hii neno aktivite naichukia kama inzi ku samaki. Siku ya tatu, kwimba. Siku ya tano, teatre. Siku ya posho, ile ya sita, banapanda miti nyuma ya masomo, kila kalasi na muti yake, na kalasi yenye muti yake inakauka bengine banabacheka wiki muzima. Siku ingine balienda kusalimia bagonjwa, banaimba kitanda kwa kitanda, banagawa sabuni. Ile sabuni ilitoka wapi? Musiniulize.

"Bibi alileta katoni tatu!" mutoto anasema, macho inawaka. "Direktere wa masomo alisema tumupigie makofi, bote, na kusimama."

"Na miye? Sikutoa kintu?"

"Kambo, nani anapelekaka kapenta ku bagonjwa?"

Mi sina wivu. Lakini mwenye kununua kapenta ile magaribi, kidole yangu iliingia mu kopo yake mupaka pa kiungo ya pili.

Siku ingine alirudi na kitabu ya sala ya bibi yake, na mukubwa wa kanisa alikuwa atafika ku masomo yabo, na mutoto atasoma mbele yake. "Bibi ananifundisha," anasema. "Banasoma hivi, kambo, polepole, na kila mustari unapumua." Nilimuomba kitabu, nikaifungua. Ile kitabu iliniangalia. Nikaifunga, nikaipanguza na kitenge, nikamurudishia, na nikamwambia iko na harufu ya sabuni.

Ni hapo, mu ile muhula, njo alikuya na habari ya siku ya kilture, ile ya kuonyesha desturi ya kwetu.

"Kambo! Mwisho wa muhula tunafanya siku ya kilture. Kila kalasi na kintu yake. Bale ba kalasi ya tano banacheza, bale ba chini banaonyesha chakula ya kwabo. Mi nitasimama peke yangu."

"Peke yako? Kufanya nini?"

"Mwalimu wa teatre alisema: we unayuaka kufanya bantu, basi fanya bantu."

"Bantu gani?"

"Ni siri."

Munisikilize muzuri hapa. Mwenye kuigaka bengine, ye hakuna mwenye kumuiga. Nilitafuta mu maisha yangu yote: baba, bandugu, bwana yangu, bantu ba soko. Hakuna hata moya alisha kusimama akanifanya miye. Ni kama mwanamuke mwenye kusukaka bichwa ya mutaa muzima na kichwa yake inabakia vile. Nilisema mu roho: ni huyu. Mbanda yangu njo atanifanya, mbele ya masomo muzima, mbele ya direktere, mbele ya ule wa depo. Alikomalia pa mesa ya nani? Si yangu?

Alikuwa anajizoeza nyuma ya jikoni. Mi napita na ndoo. Ananyamaza. Nazunguka, napita tena.

"Kambo, ile ndoo haina kintu."

"Natafuta mayi."

"Mayi iko mbele ya nyumba, mbanda. Enda."

Nilienda, lakini nilikuwa nacheka. Mwenye kuficha sauti mbele yangu, ataficha ya nani kama si yangu? Nilinunua puduru. Huku kwetu mwenye kushinda ku masomo banamumwangia puduru pa kichwa, mupaka anakuwa mweupe ni kama alilala mu unga. Nilinunua kopo moya kidogo, ile ya batoto bachanga, nikaifunga mu fundo ya kitenge. Nilisema: akimaliza tu kunifanya, mi nasimama, naenda mbele, bote banaona ni nani alifanywa na ni nani anamwanga.

Siku yenyewe lupango ilijaa. Balifunga maturubai, balipanga biti. Mukwe mwenzangu iko ku biti ya mbele, pembeni ya bibi ya direktere, na kitabu yake ya sala mu mikono na maneti pa macho. Mi balinikalisha ku musururu ya ine, pembeni ya baba moya mwenye kula karanga.

Balisali, baliimba. Ile kwimba ya batoto ilikuwa muzuri, nilitafuta pa kuchekea sikupata. Kisha ngoma. Kisha batoto bamoya ba kalasi ya chini balikuya na bukari na sombe ku sahani, banasema na sauti kidogo hii ni chakula ya kwetu, na kamoya kakaanza kula mbele ya kumaliza kusema. Kisha mwalimu wa teatre akashika mikro, akaita mbanda yangu.

Akaingia. Shati yeupe, kitenge juu ya jupe, ile sketi ya masomo. Akapanguza kinywa na ncha ya kitenge. Akaangalia kushoto. Akaangalia kuume.

Alianza na direktere, mikono nyuma, tumbo mbele: "Alors, mes enfants! Si-lence! Kuko moya alikula chaki. Jina yake siiseme. Lakini namuona. Na-mu-o-na!"

Batoto balilia na kicheko. Direktere mwenyewe alitosha maneti, alipanguza machozi. Kisha mutoto akashusha mabega, akafunga jicho moya:

"Mama. Hii mufuko iko na nini? Unga? Unga ya nani?"

Masomo muzima ikapiga kelele. Kila muntu wa hii muji alisha kupita kule, anamuyua. Lakini ule mutoto hakufika Kasumbalesa hata siku moya! Ule wa duane ni yangu. Kichwa yenye kuuma, ni yangu, niliitosha pa mupaka na masikio yangu, niko na mufuko pa kichwa. Na ule wa makuta alifwata, na noti mu meno, na pasta na ngazi yake. Bote bangu. Na bantu banapigia ye makofi.

"Ha!" anasema baba wa karanga. "Huyu mutoto alitosha wapi hii akili?"

"Ku nyumba."

"Nyumba ya nani?"

"Yangu!"

"Basi, mama, polepole. Karanga itamwangika."

Nilingojea. Nilipanga kitenge, niligusa fundo ya puduru. Sasa ni miye. Mutoto akasimama wima, shingo murefu, akakunja mikono juu ya tumbo kama mwenye kushika kitabu.

"Bwana asifiiiwe," anasema. "Muko bazima, bapendwa? Na sabuni, inatoka?" Na mbele ya kumaliza: fyuu.

Ilikuwa kama mvua ilianguka ku mabati. Bantu bote banamuyua mama wa sabuni. Mutoto anarudilia, fyuu, banapiga biti, fyuu tena, bamama banashikana. Mukwe mwenzangu alikuwa anacheka na ye, mukono pa kinywa, muzuri, kama muntu wa kanisa. Lakini pa fyuu ya tatu ule mukono ulishuka. Ulienda pa mapua. Nilimuona vile alijigusa mapua na kidole moya, kama muntu mwenye kutafuta kintu alisahau huko.

Mi sikuwaza hata kuogopa. Niliwaza tu: sasa. Sasa ni miye.

Mutoto akainama. Akasema aksanti. Akatoka.

Vile tu. Alifanya bote, na miye hapana.

Balimupa ya kwanza: mufuko ya masomo mupya na madaftari. Na mbele mi nipate pa kupitisha magoti yangu kati ya biti, ule wa depo alisha kusimama, na kopo ya puduru ndefu, ya manukato, ya bei, anaimwanga pa kichwa ya mutoto, na bamama ba kanisa banapiga vigelegele. Lupango muzima ilinukia. Yangu ilibakia mu fundo. Nilifika na mikono mitupu. Mutoto mweupe ananiangalia, anacheka na meno yote:

"Mbanda! Uliona?"

"Niliona. Macho iko."

Njo mukwe mwenzangu akamugeukia, polepole, na sauti yake ya pasi. "Mujukuu yangu, ulinifanya muzuri sana. Shingo ni yangu. Mikono ni yangu. Lakini mapua, mama, mapua uliitosha wapi? Mi sivutake mapua."

Mutoto aliniangalia tu, mara moya, haraka, kama muntu mwenye kuangalia mulango.

Mukwe mwenzangu akafwata ile macho mupaka kwangu.

"Ehee," anasema.

"Nini?" miye.

"Kumbe ni kwenu njo navutaka."

"Miye? Mukwe, na ile heshima yote? Mi nayua kuvuta mapua ya muntu?"

"Sikusema ulivuta. Nilisema ehee." Na akafunga kopo yake tupu mu kitambaa, akaenda kusalimia direktere. Hakupandisha sauti. Kama alinitukana ingekuwa afazali.

Tulirudi na mutoto kwa miguu, ye anaacha puduru mu njia, bantu ku milango banamupigia makofi. Mi nanyamaza. Mi kunyamaza, muelewe, ni ugonjwa.

"Kambo, ulikasirika juu ya bibi?"

"Hapana."

"Juu ya mutu wa duane?"

"Mutu wa duane nilikupa. Kamata." Nikasimama. "Mbanda, juu ya nini haukunifanya miye?"

Alipiga jiwe na kiatu. "Nilijaribu. Kila siku, nyuma ya jikoni. Naanza we, kunatoka ule wa duane. Naanza tena, kunatoka pasta. Naanza tena, bibi na mapua yake." Akaniangalia, uso yeupe, macho peke yake nyeusi. "Kambo, sauti yako mwenyewe ni gani?"

Nilifungua kinywa kumujibu, na musikie mwee wenyewe kilichotoka:

"Namuona. Na-mu-o-na."

Alicheka sana. Mi pia nilicheka, kwa bahati puduru yake ilikuwa inaniingia mu macho.

Wiki moya mukwe mwenzangu hakupita kwetu. Mi pa mesa nauzisha, lakini napima vibaya, kidole inasahau kazi yake, bantu banapata kopo ya kujaa na banashangaa. Kisha masomo ikafungwa, na siku ya posho mbanda yangu akakaa na miye kama zamani, na bantu bakasimama.

"Kambo, tufanyie mama wa depo!"

Niliwaza: nitamufanya vile iko kweli, bila mapua. Nikapanguza kinywa, kushoto, kuume. "Bwana asifiiiwe. Mulilala je?" Hakuna kicheko. Mama moya akaanza kuangalia kapenta, anatafuta mchanga ndani. Ah, hapana! Kwani mi nakula nini? Nikairudisha. Bwana asifiiiwe, fyuu. Balianguka. Nikaongeza, fyuu, fyuu, na shingo. Na njo nikasikia kicheko ilibadirika. Habaniangalie miye. Banaangalia nyuma yangu.

Alikuwa pale. Kwa miguu, peke yake, kitenge bila kunjo, na kitunga mu mukono.

"Usisimame, mukwe mwenzangu," anasema. "Mi nilikuya kununua kapenta. Lakini niachie kiti kidogo."

Nilimuachia. Nitafanya nini? Akaikala pa kiti yangu, nyuma ya mesa yangu. Akakamata kopo yangu. Akakamata ncha ya ile kitenge yake ya pasi, akapanguza kinywa. Akaangalia kushoto. Akaangalia kuume. Na shingo yake ikaingia mu mabega, na macho ikakuwa kidogo na ya kukimbia, na sauti ikatoka ya juu, ya haraka, ya kukwaruza:

"Mi sina wivu! Niko tu na macho! Kuya, baba, kuya, ona hii kopo vile inajaa, inalia kwa kujaa! Kidole? Kidole gani? Ni namna yangu ya kukamata kopo! Na mama wa depo, ah, ule namuheshimu sana, mukwe yangu, mikono mbili, magoti chini. Anasema alinunua lori ingine? Muzuri! Mi sina wivu. Inakohoa ile lori, nani alisikia inakohoa? Mi nilisikia. Sina wivu! Niko tu na masikio!"

Bantu balikaa chini mu vumbi. Mwenye kutafuta mchanga alimwanga kapenta yake yote. Na mi nilisimama pale na mikono tupu nikasikia sauti yangu mara ya kwanza mu maisha. Kumbe iko vile. Kama kuku mwenye kuona mayai ya mwenzake.

Na alinifanya muzuri. Njo iliniuma. Kama alinifanya mubaya ningecheka, ningesamehe. Hakuongeza hata kintu moya. Hakuhitaji.

"Nani alikufundisha?" namuuliza.

"Hakuna." Sauti ya pasi ilirudi. "Myaka yote hii niko nakufanya ku depo. Bale ba kupakua malori banakataa kazi kama sikuanza na we."

"Kila siku?"

"Siku ya yenga hapana. Siku ya yenga naendaka kanisa kuomba musamaha."

"Bibi!" mutoto anapiga kelele. Na hapa musikie: alikuwa chini ya mesa, kinywa wazi, na macho yake ilikuwa juu ya ule mwanamuke vile ilikuwaka juu yangu akingali wa myaka ine. "Bibi, rudilia! Rudilia ile ya kidole, niikamate!"

Atanifanya, basi. Muhula ya kukuya, mbele ya direktere, mbele ya baba wa karanga, atasimama atanifanya. Na atakuwa alinitosha ku depo, kwa ule mwingine. Roho yangu ilipikwa. Nilitafuta neno ya kumujibu, ya mutu wa duane, ya pasta, ya nani, hakuna hata moya alikuya. Njo mukono wangu ulienda ku fundo ya kitenge. Kopo ya puduru ilikuwa ingali mule, tangu ile siku sikuifungua.

Mwenye kushinda banamumwangia puduru. Ni vile kwetu, hata kama unakufa na wivu.

Niliifungua na meno. Nikamumwangia yote, pa kichwa, pa maneti, pa mabega ya kitenge yake. Mutaa muzima ikapiga vigelegele. Akakaa pale, mweupe, mukubwa, kati ya kapenta, kopo yangu ingali mu mukono. Akafunga macho. Akafungua. Puduru ilimuingia mu mapua.

Fyuu, akavuta. Fyuu.

"Munaona?" nikaambia bantu. "Anavutaka. Mi sikuongeza kintu."